Kupakia, Kupakua na Wingu: Istilahi za Kiswahili na Hifadhi ya Rekodi za Lugha Wilayani Rungwe

1.0 Utangulizi

Katika kata ya Bagamoyo, mjini Tukuyu, neno wingu halihitaji kamusi. Mji huo, ambao ni makao makuu ya Wilaya ya Rungwe katika Mkoa wa Mbeya, umejengwa kwenye miinuko iliyo karibu na Mlima Rungwe, mahali penye mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Bagamoyo hiyo, ambayo haipaswi kuchanganywa na mji mkongwe wa pwani wenye jina hilohilo, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako ukungu huonekana na kuguswa mara kwa mara. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni neno wingu limebebeshwa maana nyingine, nayo ni mahali ambapo mafaili ya kompyuta huhifadhiwa mbali na mwenyewe. Mwanafunzi wa isimu anayerekodi masimulizi ya wazee huko Tukuyu huelekezwa kuyapakia winguni kabla ya simu au kinasa sauti chake hakijapotea.

Lengo la mhadhara huu ni kueleza kinachotokea pale agizo hilo linapotekelezwa, na kuchunguza istilahi zinazotumika kulieleza. Hoja kuu ni kwamba istilahi tatu, yaani faili, kupakia na wingu, ni sitiari zilizochukuliwa kutoka katika ofisi, bandari na anga. Kila moja inamwangazia mtumiaji jambo fulani na kumficha jingine. Lile linalofichwa aghalabu ndilo husababisha rekodi ya lugha ipotee, na rekodi ya mzee aliyekwisha fariki haiwezi kurekodiwa upya.

2.0 Kumbukumbu za lugha ya Rungwe

Kinyakyusa, ambacho katika uainishaji wa Guthrie kimepewa namba M31, ni lugha ya Kibantu yenye irabu saba, na urefu wa irabu hubadili maana ya maneno. Kwa sababu hiyo maandishi peke yake hayatoshelezi. Sauti yenyewe ni ushahidi. Historia ya kuihifadhi lugha hiyo imepita katika mikono mingi. Wamisionari wa Moravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walianza kuiandika. Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Kamusi ya Knut Felberg inayohusisha Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili ilichapishwa mwaka 1996, na uchambuzi wa Bastian Persohn kuhusu kitenzi cha Kinyakyusa ulitolewa mwaka 2017.

Inafaa kuzingatia mahali zilipohifadhiwa kumbukumbu hizo. Nyaraka za akina Wilson zilikabidhiwa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town, nchini Afrika Kusini. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioanzia mlimani uliteketeza ukumbi wa kusomea wa Jagger katika maktaba hiyohiyo, pamoja na sehemu kubwa ya vitabu vilivyochapishwa kuhusu Afrika. Tukio hilo lilikumbusha jambo linalojulikana na kila mkutubi: kitu kilicho mahali pamoja tu kiko hatarini, hata kama mahali penyewe ni imara. Hifadhi ya kidijitali ilibuniwa, pamoja na mambo mengine, ili kuepusha hatari hiyo. Suala la kujiuliza ni iwapo mtumiaji wa Tukuyu anayeambiwa apakie faili lake anapewa kinga hiyo kweli, au anapewa neno tu.

3.0 Jozi ya pakia na pakua

Kazi ya kukipatia Kiswahili istilahi za kompyuta haikuanza na wingu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi za namna hiyo zilidhihirisha kwamba lugha ina hazina yake ya kutosha endapo watu wataitafuta.

Jozi ya pakia na pakua ni ushahidi mzuri wa hazina hiyo. Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotenguliwa kwa kiambishi chenye irabu u: funga na fungua, ziba na zibua, anika na anua, funika na funua. Pakia na pakua ni wa ukoo huo. Baharia hupakia shehena chomboni, na ikifika huipakua. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayeona kitufe kilichoandikwa Pakia na kingine kilichoandikwa Pakua hahitaji maelezo marefu. Kiingereza hutegemea sitiari ya juu na chini, ambayo haimwelezi mtu ni nini kiko juu. Kiswahili kinataja chombo na mzigo, na mzigo ndio jambo lenyewe.

Hata hivyo, sitiari ya bandari ina upungufu wake. Gunia la karafuu likipakiwa jahazini, ufukoni halibaki. Faili likipakiwa, linalosafiri ni nakala. La awali hubaki katika simu. Hapa maana ya pili ya pakua, ile ya jikoni, inakaribia ukweli zaidi: anayepakua wali humpa mlaji sehemu, na chungu hubaki na chakula. Lakini hata chungu hupungua, ilhali faili linaweza kupakuliwa mara elfu bila kupungua.

Upungufu huu una madhara ya kivitendo. Mtafiti anayedhani kwamba mzigo umehama hufuta rekodi simuni mara tu mstari wa maendeleo unapofika mwisho, kabla ya kuthibitisha kwamba nakala imefika ikiwa kamili. Mwingine hukosea kwa upande wa pili: hutumia huduma ya kuoanisha mafaili, inayoifanya hifadhi ya mbali ifanane daima na folda ya kompyuta yake, akidhani kwamba ameweka nakala rudufu. Siku anapofuta faili katika kompyuta, huduma huoanisha na kulifuta kule pia. Huduma nyingi huliweka faili lililofutwa katika pipa la taka kwa muda fulani tu. Muda ukipita, hakuna cha kupakua. Kuoanisha na kuhifadhi ni matendo mawili tofauti, na istilahi za Kiswahili zinapaswa kuyatenganisha.

4.0 Safari ya faili

Ichukuliwe kwamba mwanafunzi amerekodi masimulizi ya saa 1 katika kata ya Bagamoyo, kwa kiwango cha sauti cha santuri za CD: sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 kwa kila sampuli, njia mbili za sauti. Kila sekunde huzalisha baiti 176,400, na saa nzima huzalisha takriban megabaiti 635. Anaifungua programu ya wavuti ya idara yake kwa kivinjari, anachagua faili na kubofya Pakia.

Uwezo wa ukurasa wa wavuti kupokea faili ulipendekezwa rasmi Novemba 1995, katika waraka wa RFC 1867 ulioandikwa na Ernesto Nebel na Larry Masinter. Kabla ya hapo fomu za wavuti zilipokea maandishi tu. Kwa utaratibu uliopendekezwa, kivinjari hufunga vitu kadhaa katika ujumbe mmoja: jina la faili, aina yake, maandishi yaliyojazwa katika fomu, na baiti zenyewe. Vitu hivyo hutenganishwa kwa mstari maalumu wa mpaka, mithili ya mbao zinazotenga shehena za wenyewe mbalimbali katika ngama ya chombo kimoja.

Baada ya kufungwa, mzigo una njia mbili. Njia ya kwanza ni kupitia seva ya programu: kivinjari hulituma faili kwa seva ya idara, nayo hulituma tena kwa hifadhi ya wingu. Njia hii ni rahisi kuijenga na humwezesha msimamizi kukagua kila kitu. Kasoro yake ni kwamba faili husafiri mara mbili, na seva ndogo huzidiwa wanafunzi 20 wanapotuma rekodi zao kwa wakati mmoja mwishoni mwa muhula. Njia ya pili ni ya moja kwa moja: seva ya idara hutoa kibali tu, na kivinjari hupeleka faili hifadhini chenyewe. Njia hii ndiyo inayopendelewa kwa mafaili makubwa.

Katika njia zote mbili kuna tatizo la mtandao. Iwapo mtandao wa simu unapeleka megabiti 1 kwa sekunde, megabaiti 635 zitahitaji takriban sekunde 5,080, yaani karibu saa 1 na dakika 25. Kasi ya kupeleka aghalabu ni ndogo kuliko ile ya kupokea, jambo linalowashangaza wanaotazama video bila shida lakini wakashindwa kutuma sauti. Mtandao ukikatika katika dakika ya 80 na faili lilitumwa kama kitu kimoja, kazi yote huanza upya, na fedha za kifurushi cha intaneti zimekwisha.

Suluhisho ni kulikata faili vipande. Likigawanywa katika vipande vya megabaiti 8, faili hilo hutoa vipande 80, cha mwisho kikiwa kidogo kuliko vingine. Kila kipande huhitaji sekunde 64 kwa kasi iliyotajwa. Kivinjari huvipa namba, hutuma kimoja baada ya kingine, na hifadhi hujibu kwa kila kipande kilichofika. Mtandao ukikatika, kinachopotea ni kipande kimoja. Ukirudi, utumaji huendelea pale ulipoishia. Vikishatimia, kivinjari au seva hutoa agizo la mwisho la kuviunganisha, na hapo tu ndipo faili huhesabiwa kuwa lipo. Huduma ya Amazon S3, iliyofunguliwa Machi 2006, iliongeza utaratibu huu mwaka 2010, na huduma nyingine zina utaratibu unaofanana nao. Agizo la mwisho lisipotolewa, vipande vyote 80 vinaweza kuwapo bila faili kuonekana.

Kufika si sawa na kufika salama. Ili kuthibitisha, kompyuta hukokotoa kutokana na baiti zote za faili alama fupi ya utambulisho. Kwa kanuni ya SHA-256, alama hiyo huandikwa kwa herufi na tarakimu 64, faili liwe la ukurasa mmoja au la saa kumi. Biti moja ikibadilika, alama hubadilika kabisa. Mtafiti anayehifadhi alama iliyokokotolewa Tukuyu na kuilinganisha na ile iliyokokotolewa katika hifadhi ana haki ya kufuta nakala ya simuni. Mstari wa maendeleo uliojaa rangi haumpi haki hiyo.

5.0 Kibali, ufunguo na jina

Hifadhi ya wingu hufunguliwa kwa ufunguo wa siri. Kosa la hatari katika programu za wavuti ni kuuweka ufunguo huo ndani ya ukurasa ambao kivinjari huusoma, kwa kuwa kinachosomwa na kivinjari kinaweza kusomwa na mtumiaji yeyote. Utaratibu sahihi ni ufunguo kubaki katika seva. Mwanafunzi anapotaka kupakia, seva humtambua, kisha hutengeneza anwani yenye saini, ambayo ni kibali cha kuweka faili moja, kwa jina moja, kwa muda mfupi, kwa mfano dakika 15. Muda ukipita, kibali hakifai. Ni sawa na hati ya bandarini inayomruhusu mchukuzi apitishe mzigo mmoja getini. Hapewi ufunguo wa ghala.

Kibali cha kompyuta, hata hivyo, ni nusu ya suala. Nusu nyingine ni ridhaa ya msimulizi. Sauti ya mtu pamoja na majina ya jamaa zake humtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inasimamia ukusanyaji wa taarifa za namna hiyo na pia usafirishaji wake nje ya nchi. Kwa mtafiti wa lugha hili si jambo la pembeni. Kupakia faili katika hifadhi ambayo seva zake ziko nchi nyingine ni kulisafirisha, ijapokuwa mtafiti hajaondoka kitini. Mzee aliyeridhia masimulizi yake yasikilizwe na wanafunzi hajaridhia kwa hilo peke yake yasikilizwe na dunia nzima. Kwa hiyo mpangilio wa nani aweze kusoma faili unapaswa kufuata maneno ya ridhaa.

Suala la jina nalo ni la wanaisimu. Katika hifadhi nyingi za wingu hakuna folda za kweli. Kuna majina marefu tu, na mkwaju unaoonekana kutenganisha folda ni sehemu ya jina. Mafaili mawili yakipewa jina moja, la pili huchukua nafasi ya la kwanza, isipokuwa kama msimamizi ameruhusu matoleo ya awali yahifadhiwe. Wanafunzi wawili, mmoja akitoka kata ya Bagamoyo na mwingine kata jirani, wanaweza kila mmoja kupakia faili linaloitwa rekodi1.wav, na rekodi ya mmoja ikatoweka bila onyo. Jina kama kinyakyusa-bagamoyo-0001.wav huzuia ajali hiyo. Aidha, herufi maalumu zinazotumika kuandikia irabu saba za Kinyakyusa zinafaa ziwe ndani ya maelezo ya rekodi, huku jina la faili likibaki na herufi za kawaida na tarakimu, kwa sababu si kila programu huzisoma herufi hizo kwa namna moja.

6.0 Wingu lina ardhi

Istilahi inayopotosha zaidi kati ya zote tatu ni wingu. Neno hilo limetafsiriwa moja kwa moja kutoka Kiingereza, ambako lilitokana na desturi ya wahandisi ya kuchora mtandao kama wingu ili kuonyesha kwamba yaliyomo ndani hayahitaji kuelezwa. Katika Kiswahili wingu huashiria kitu chepesi, kisicho na mwenyewe, kinachopita. Hifadhi yenyewe ni kinyume cha hayo. Ni majengo yenye kuta, umeme, vipoza joto na walinzi, yanayomilikiwa na kampuni na kutawaliwa na sheria za nchi yalipo.

Njia ya kufikia majengo hayo nayo ni ya ardhini na baharini. Data itokayo Tukuyu husafiri kwa redio hadi mnara wa simu, kisha kwa nyaya, ukiwamo Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa nyaya za chini ya bahari kama vile SEACOM, iliyoanza kazi mwaka 2009, na EASSy, iliyoanza mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya hizo mbili zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora au kukatika Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo faili lililo winguni ni salama lakini halifikiki.

Wingu huweza pia kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea, na wateja ambao nakala zao zote zilikuwa mahali hapo walizipoteza. Huweza pia kufungwa. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza jijini London ilishambuliwa kimtandao, na huduma zake za kidijitali zikakwama kwa miezi mingi. Miongoni mwa makusanyo yanayotolewa kupitia maktaba hiyo ni ya Mpango wa Nyaraka Zilizo Hatarini, unaojumuisha picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu. Busara ya mpango huo ilionekana wakati huo. Kanuni yake ni kwamba nyaraka asilia hubaki katika nchi yake, na nakala za kidijitali huwekwa pia katika taasisi ya huko. Kwa hiyo lililokwama London halikuwa pekee lililokuwapo.

Kuna tofauti nyingine ambayo istilahi haiionyeshi. Kampuni nyingi hazitozi ada ya kupeleka data hifadhini, lakini hutoza kwa kuihifadhi kila mwezi na kwa kuitoa. Kwa hiyo kupakia ni rahisi, kupakua ni ghali, na ruzuku ya utafiti ikimalizika akaunti hufungwa. Hifadhi za kitaaluma, kama vile hifadhi ya lugha zilizo hatarini ya ELAR, iliyohamia kutoka London kwenda Berlin mwaka 2021, zimeundwa kwa madhumuni tofauti: hupokea rekodi pamoja na maelezo yake, na hukusudia kuzitunza baada ya mradi kwisha. Mtafiti anafaa kutofautisha ghala la kukodi na nyumba ya kumbukumbu.

7.0 Hitimisho

Mhadhara huu umeonyesha kwamba istilahi za teknolojia si vibandiko vya kubandika juu ya vitu. Pakia na pakua zimefaulu kwa sababu zimetoka ndani ya mofolojia ya Kiswahili na ndani ya maisha ya bandarini na jikoni. Zinahitaji tu kuandamana na maelezo kwamba kinachosafiri ni nakala. Neno wingu limekwisha enea na huenda lisiondolewe, lakini walimu na watunzi wa kamusi wanaweza kulifafanua kwa usahihi kuwa ni ghala la mbali lenye mwenyewe, na kuutumia msamiati wa ghala, ufunguo, hati na mchukuzi, ambao Kiswahili kinao tangu zamani.

Kwa upande wa utendaji, mambo manne yanatokana na maelezo haya. Rekodi itumwe kwa vipande. Alama ya utambulisho ilinganishwe kabla ya chochote kufutwa. Jina la faili na ridhaa ya msimulizi viandikwe siku ileile ya kurekodi. Nakala ziwe tatu, angalau moja ikiwa mbali na nyingine, na angalau moja ikiwa karibu na wenye lugha, katika maktaba, chuo au shule iliyoko Rungwe yenyewe. Nakala hiyo ya karibu ndiyo itakayosikilizwa nyaya za baharini zitakapokatika, na ndiyo itakayowawezesha wajukuu wa msimulizi kuisikia sauti yake bila kuomba kibali kutoka bara jingine.